Serikali inajenga, lakini nani anaendesha? Uzi wa huduma za umma Uganda

Mwana wa Koboko (mwanzisha uzi)

Wandugu, salaam. Naomba tujadili bila matusi na bila vyama. Wa manjano na wa nyekundu, wote kaeni.

Ukiangalia nyuma utaona kwamba nchi hii kila uchaguzi mkuu umetuondolea malipo fulani. Kwenye kampeni za 1996 Rais Museveni aliahidi elimu ya msingi bila karo, na 1997 UPE ikaanza, watoto wanne kwa kila familia. Ndani ya mwaka huo mmoja idadi ya wanafunzi wa msingi iliruka kutoka milioni 3 na kitu hadi zaidi ya milioni 5. Machi 2001, siku chache kabla ya kura, ada kwenye hospitali na vituo vya afya vya serikali zikafutwa. 2005, kura ya 2006 ikinukia, kodi ya kichwa ikaondoka. 2007 ikaja USE kwa sekondari.

Mimi sipingi hata moja. Wazee wangu wasingeweza kunisomesha bila UPE, na sina haya kulisema. Ninachouliza ni hiki: siku serikali inapomwambia mwananchi "usilipe", maana yake imekubali kulipa yenyewe. Sasa mbona inalipa nusu?

Nusu inayolipwa ni ile inayoonekana. Ukuta, bati, rangi, bango lenye jina la mradi na mfadhili. Mkubwa anakuja, utepe unakatwa, soda zinanywewa. Nusu ya pili haina sherehe: glavu, chaki, mafuta ya ambulansi, betri ya sola ikifa, mshahara wa mkunga wa pili ili wa kwanza apate kulala. Hiyo ndiyo inayoachwa, na haiachwi hewani, inaangukia kwa familia. Mama mjamzito anaambiwa aje na glavu, pamba, wembe na kavera, ile plastiki ya kulalia. Mgonjwa wa kawaida anaambiwa aje na daftari la kuandikia ugonjwa wake, maana kadi za kituo zimeisha. Mzazi wa UPE anaombwa "ya maendeleo", "ya mtihani", "ya mlinzi". Karo ilifutwa kwa jina, ikarudi vipande vipande bila risiti.

Na hii ya vipande ni mbaya kuliko ile ya zamani. Ada ikiwa wazi, bei yake unaijua, na asiye nacho anaweza kusamehewa kwa barua ya LC1, mwenyekiti wa kijiji. Ya vipande hakuna anayekusamehe, kwa sababu kwenye vitabu haipo.

Kwa hiyo msimamo wangu: wajibu wa serikali tuupime kwa kinachofanyika ndani ya jengo saa nane za usiku. Hesabu ya majengo tuwaachie wa kampeni. Karibuni.

---

Hesabu Kwanza

Umeandika vizuri, lakini swali la pesa umelikwepa. Kodi yote inayokusanywa Uganda ni kati ya asilimia 13 na 14 ya pato la taifa. Bajeti ya 2024/25 ilikuwa karibu shilingi trilioni 72, na fungu kubwa kuliko yote ndani yake lilikwenda kwenye madeni, riba na kulipa yaliyoiva. Kinachobaki kinagombaniwa na jeshi, barabara, mishahara, elimu, afya.

Mnakumbuka Abuja 2001? Viongozi wa Afrika walikubaliana asilimia 15 ya bajeti iende afya. Uganda haijafika huko, wala majirani wengi. Si ubaya wa moyo, mfuko wenyewe mdogo. Wewe mwenyewe umesema kodi ya kichwa ilifutwa ukafurahi. Ile ndiyo ilikuwa pesa ya wilaya! Ilipoondoka, wilaya zikabaki kusubiri Kampala hata kwa bati la choo.

Na katiba isomeni yote. Kifungu cha 34 kinasema elimu ya msingi ya mtoto ni jukumu la serikali NA wazazi. Sheria ya elimu ya 2008 inataja chakula na mavazi kuwa ya mzazi. Watu wanataka kuleta mtoto shuleni mtupu halafu walalamike.

---

Afande Mstaafu

Hesabu, kodi ya kichwa usiitetee sana mbele yetu sisi tulioiona. Mgambo wakija alfajiri, wanaume wanalala msituni. Mtu anakamatwa sokoni, baiskeli inachukuliwa, anafungwa kamba kwa shilingi elfu chache. Mimi nilikuwa na sare na bado niliona aibu. Ilipaswa kufa.

Ila ni kweli, ilipokufa hakuna aliyeweka kitu mahali pake.

---

Mwana wa Koboko

@Hesabu Kwanza hapo kwenye wilaya tuko pamoja, na Afande kamaliza. Lililofaa ni kuleta kodi nyingine yenye utu, na halikufanyika.

Kwenye "mfuko mdogo" ndipo tunapoachana. Machi 2019 Bunge liliidhinisha hati za ahadi za malipo za dola milioni 379 kwa hospitali ya kibingwa ya Lubowa, ya mwekezaji binafsi, kusudi wakubwa wasisafiri kutibiwa nje. Wabunge wenyewe wamewahi kuzuiwa getini walipokwenda kukagua kazi. Kwa hiyo pesa ikitakiwa, hupatikana. Tena tazama wilaya: mwaka 1986 zilikuwa 33, leo zimepita 130 ukiacha majiji mapya. Kila moja ina mwenyekiti, baraza, RDC (mwakilishi wa Rais), magari, viti vya ngozi. Serikali imesogezwa karibu na watu, huduma imebaki ilipokuwa.

Sisemi pesa ni nyingi. Nasema hata hizo chache zinapendelea kitu kinachoweza kufunguliwa.

---

Nesi wa Zamu

Nimesoma kimya kimya, sasa niseme. Mimi ni mkunga wa kituo cha daraja la tatu, sitataja wapi.

Mnaolaumu manesi mjue siku yetu ilivyo. Muundo wa zamani wa kituo kama changu unataja watumishi 19. Kwenye karatasi tunakaribia. Kwenye korido, ukitoa aliye masomoni, aliye likizo ya uzazi na aliyeitwa wilayani kwenye semina, usiku nabaki mimi na askari wa lango. Wakija akina mama wawili kwa pamoja, namtuma askari ashike tochi. Sola ipo, paneli zipo juu ya bati zinameremeta. Betri zilikufa. Aliyefunga sola aliletwa na mradi, mradi ukaisha, na kwenye bajeti yetu hakuna mstari unaoitwa betri.

Dawa: kwa miaka mingi vituo vya ngazi yetu vimekuwa vikipata maboksi yaliyopangwa kutoka juu, kila baada ya miezi miwili, na wewe mtu wa chini huchagui. Mvua zikianza, malaria inapanda, dawa za malaria zinakwisha wiki za mwanzo tu. Pembeni kuna maboksi ya dawa nyingine ambazo kwetu hazina wagonjwa, zinasubiri kuharibika. Mgonjwa anaona maboksi, anaambiwa dawa hakuna, anahitimisha nimeiba. Nami siwezi kumkatalia kabisa, maana wapo wanaoiba. Vidonge vyenye alama ya serikali, visivyoruhusiwa kuuzwa, tunavikuta kwenye kliniki za watu.

Mama kit, vifurushi vya vifaa vya kujifungulia, tunapata. Zikifika 50 na wazazi ni 80, wewe utampa nani? Nilichoamua mimi ni kumpa aliyekuja kwa miguu. Aliyeshushwa na boda kidogo ana kitu. Sijui kama ni haki. Kitabu cha mwongozo hakina ukurasa wa hilo.

Rufaa ndiyo inayoniua. Daraja la tatu hatupasui wala hatuongezi damu, hiyo ni kazi ya daraja la nne kwenda juu. Ambulansi ya wilaya ipo, nampigia dereva, ananiambia "nesi, tangi." Basi familia inachanga mafuta palepale chini ya mwembe huku mama analia ndani. Huduma ni bure, wandugu. Mafuta ndiyo yana bei.

---

Mpita Njia

Dawa ni moja tu. Waziri mtoto wake asome UPE na mkewe ajifungulie kituoni kwa nesi. Mwezi mmoja mambo yatanyooka.

---

Mwana wa Koboko

@Mpita Njia hilo ni la kupigiwa makofi kwenye mkutano wa hadhara, halitekelezeki. Na waziri akija kujifungulisha mkewe hapo, siku hiyo glavu zitajaa, kesho yake zimeondoka na msafara.

@Nesi wa Zamu asante. Huo mstari wa betri ndio uzi mzima huu.

---

Mwalimu wa Chaki

Nije na hesabu ya shule, kwa vile Hesabu anapenda hesabu.

Fungu la UPE lilikaa karibu shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka kwa muda mrefu. Limepanda polepole hadi kama 20,000. Gawa kwa mihula mitatu: hata 7,000 haifiki. Kwa pesa hiyo mwalimu mkuu anunue chaki, madaftari ya maandalizi, vifaa vya michezo, atengeneze madawati, anyonye choo, alipe karatasi za mitihani. Darasa langu la nne (P.4) lina watoto zaidi ya mia. Sasa mwalimu mkuu akiomba mzazi alete 5,000 ya mtihani, kwa sheria amekosea. Asipoomba, watoto hawafanyi mtihani. Kila muhula tunachagua kosa la kufanya.

Chakula: sheria inasema ni cha mzazi, sawa. Mzazi mwenye mtoto mmoja analeta mahindi na maharage. Mwenye sita haleti. Saa saba mchana nusu ya darasa inakula uji, nusu iko nje inatazama. Saa nane nafundisha sehemu. Jaribuni.

Na mishahara. 2022 walimu wa sayansi wenye digrii waliwekewa milioni 4 kwa mwezi, wa sanaa wakabaki kwenye milioni moja hivi, tukaona mgomo wa Juni. Chumba kimoja cha walimu, chai moja, mmoja anamzidi mwenzake mara nne. Mimi wa shule ya msingi naangalia wote wawili nacheka.

---

Hesabu Kwanza

Mwalimu, na matokeo? Watoto waliingia milioni kwa milioni, wangapi wanafika P.7, darasa la mwisho la msingi? Huo ndio ushahidi wangu kwamba serikali imechukua mzigo usiobebeka. Afadhali ingesomesha maskini tu na wengine tulipe.

---

Mwalimu wa Chaki

Tulishakuwa huko kabla ya 1997. "Maskini tu" anachaguliwa na nani? Na shule ya maskini tu itabaki shule ya maskini, hakuna mwenye sauti atakayeitetea bungeni. Wanaoacha njiani wanaacha kwa sababu ya hizo 5,000, mimba, na mashamba. Karo ingerudi wangeacha mapema zaidi.

---

Fundi wa Nguzo

Nyie mnalia na afya na elimu, mimi nawaletea umeme, maana hapo tulijaribu njia ya @Hesabu ya mwananchi kulipa.

Shirika la umeme la zamani, UEB, lilivunjwa vipande 2001: uzalishaji, usafirishaji, usambazaji. Usambazaji ukapewa Umeme Limited kwa miaka 20, Machi 2005 hadi Machi 2025. Tuseme ukweli, walifanya kazi. Walikuta umeme unaopotea njiani ni kama asilimia 38, wakaushusha hadi asilimia 16 au 17. Wateja walikuwa hawafiki laki 3, wakapita milioni 2. Mita za Yaka zikaleta nidhamu, unalipa kwanza ndipo unawasha.

Lakini mkataba uliwahakikishia faida ya asilimia 20 kwenye uwekezaji wao, na hiyo ilikuwa ndani ya bili ya mama anayepiga pasi. Nguzo zilikwenda penye wateja. Kijijini penye nyumba kumi na balbu mbilimbili, aliyepeleka laini ni serikali kwa mikopo. Mkataba ulipoisha, 1 Aprili 2025 mtandao ukarudi UEDCL, kampuni ya serikali, na mabishano ya fidia yakawaka: serikali ikalipa dola milioni 118, kampuni ikasema inadai zaidi, kesi ikaenda kwa wasuluhishi London.

Nyie wa West Nile, huko kaskazini-magharibi, hasa mnajua. Miaka mingi mlikaa nje ya gridi ya taifa, na jenereta na kibwawa cha Nyagak cha megawati 3.5. Gridi imefika Arua 2024. Mwekezaji gani angeleta laini ile ndefu kwa hiari yake?

---

Hesabu Kwanza

Hapo Fundi umenisaidia zaidi kuliko ulivyonipinga. Upotevu ulishuka kwa sababu kulikuwa na mtu anayeumia umeme ukiibwa. Nani anaumia betri ya nesi ikifa?

---

Nesi wa Zamu

Mama aliye kitandani.

---

Mama wa Yumbe

Mimi sijasoma sana, mnisamehe lugha. Nazungumzia maji.

Kijijini kwetu kisima cha pampu kilichimbwa na serikali zamani. Wakatuambia, undeni kamati, kila nyumba itoe elfu moja kwa mwezi, kikiharibika mtatengeneza wenyewe. Sawa, tukatoa. Mabomba ya chini yakaoza kwa kutu. Maji yakatoka mekundu, nguo nyeupe zikawa kahawia, maharage yakawa meusi. Fundi akasema mabomba yote yabadilishwe. Pesa ya kamati ilitosha mpira na nati tu. Kisima kikalala. Kwenye kitabu cha wilaya nadhani bado kinahesabiwa, kijiji hiki kina maji.

Halafu 2016 wakaja ndugu zetu kutoka Sudan Kusini, kambi ya Bidi Bidi ikafunguliwa. Ndani ya muda mfupi kulikuwa na malori ya maji, kisha mabomba ya sola, kisha vituo vya afya na madarasa. Kwa kanuni ya serikali sehemu ya misaada, kama asilimia 30, iende kwa wenyeji. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilijifungua mtoto wa mwisho kwenye kituo cha wakimbizi na nilipokewa vizuri.

Lakini nauliza, kwa nini nilihitaji vita vya Juba ili nipate maji Uganda? Na sasa wafadhili wanapunguza, mashirika yanafunga ofisi, wanasema vituo vichukuliwe na wilaya. Wilaya ndiyo ile ya kisima changu.

---

Mwana wa Koboko

Mama, lugha yako inatosha na kubaki.

Niongezee kwa wasiojua: mjini kwenye mabomba ya umma ya shirika la taifa la maji, bei iliyoagizwa kwa maskini ni shilingi 25 kwa jerikeni. Asiye karibu na bomba hilo ananunua kwa mwenye bomba lake uani, na huko bei ni mia, mia mbili, kiangazi zaidi. Aliye maskini zaidi ndiye analipa bei ya juu zaidi kwa maji yaleyale. Hiyo ndiyo hasara ya kuacha mambo kwa mwenye uwezo, na haionekani kwenye hesabu ya mtu yeyote.

---

Binti Bombo

Mwanafunzi wa sheria hapa. Swali la @Hesabu, "nani anaumia", mahakama imewahi kulijibu, ajabu hakuna aliyelitaja.

Akina mama wawili walikufa wakijifungua kwenye hospitali za serikali, mmoja Mityana 2009, mwingine Arua 2010. CEHURD, shirika la kutetea haki ya afya, na familia zao wakafungua shauri namba 16 la 2011. Mahakama ya Katiba 2012 ikalitupa: ikasema mgawanyo wa rasilimali ni siasa, mahakama haiingii. Wakakata rufaa. Mahakama ya Juu 2015 ikasema hapana, lirudi likasikilizwe. Agosti 2020 hukumu ikatoka: serikali kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi kumevunja haki ya kuishi na haki ya afya. Ikaamuru fidia kwa familia, na ikaamuru afya ya uzazi itengewe pesa za kutosha kwenye bajeti.

Ni muhimu kwa sababu katiba yetu ya 1995 haina kifungu kinachosema wazi "kila mtu ana haki ya afya" kwenye sura ya haki. Afya na maji safi vimewekwa mwanzoni, kwenye malengo ya taifa, lengo la 14 na mengine. Kwa miaka mingi mawakili wa serikali walisema hayo ni matamanio, hayadaiwi. 2005 kikaongezwa kifungu 8A kinachoelekeza nchi itawaliwe kwa kufuata malengo hayo. Mlango ukafunguka kidogo.

Basi @Hesabu, "pesa hazitoshi" si jibu tena la kufunga mjadala kisheria. Serikali inapaswa kuonyesha ilijaribu na kidogo ilichokuwa nacho.

---

Mpita Njia

Hukumu ya 2020, na nesi bado anashikiwa tochi.

---

Binti Bombo

Ndiyo. Hukumu haiji na betri. Lakini diwani akisema "ni msaada wa Mzee", yaani Rais, una karatasi ya kumwonyesha kwamba ni deni.

---

Hesabu Kwanza

Sawa, nimekubali ni deni. Anayedaiwa ataendelea kukwepa mpaka umshike kwenye vitabu. Nitoe kisa kimoja cha Uganda hii hii, hata wanauchumi wa ng'ambo wanakifundisha. Miaka ya 1990 ulifanywa utafiti wa kufuata pesa za shule kutoka hazina hadi darasani. Ikaonekana kati ya 1991 na 1995 shule zilipata wastani wa asilimia 13 tu ya fungu lililotumwa kwa matumizi yao. Nyingine ilipotelea wilayani. Serikali ikaanza kutangaza kwenye magazeti na redio kiasi kinachotumwa, shule zikaamriwa kubandika ukutani. Kufikia 2001 kiasi kinachofika kikapita asilimia 80.

---

Mwalimu wa Chaki

Kisa ni cha kweli, ila usikipe gazeti sifa zote. Wakati huohuo UPE ilianza, wazazi nchi nzima wakawa wanauliza, na hazina ikabadilisha namna ya kutuma pesa kwa masharti ya matumizi. Tangazo lilikuja pamoja na macho. Na asilimia 80 ya kidogo bado ni kidogo.

---

Mwana wa Koboko

Wote wawili mko sahihi, na hapo ndipo nataka twende. Kituo cha afya na shule vinatakiwa kubandika ubaoni pesa ya kila robo mwaka. Nimepita vituo kadhaa vya huku. Ubao upo. Karatasi ipo, mara nyingine ya robo iliyopita. Lakini ni Kiingereza cha wahasibu, vifupisho vitupu, maandishi ya ukubwa wa sisimizi. Kiswahili kiliwekwa kwenye katiba kuwa lugha rasmi ya pili 2005, baraza la mawaziri 2022 likapitisha kifundishwe mashule yote. Ubaoni hakijafika. Wala Kikakwa, wala Kilugbara. Mama wa Yumbe atasomaje kwamba pesa ya kituo chake ilikuja?

@Nesi, kwenu inabandikwa?

---

Nesi wa Zamu

Inabandikwa na bosi akipata wino. Kamati ya kituo inakaa, wazee watano na katekista, wanasomewa, wanasaini. Hakuna anayeuliza kwa nini mafuta ni kiasi hiki na si kile, maana hawajui yalitakiwa kuwa mangapi. Mimi sijawahi kuona mjumbe akigoma kusaini.

---

Afande Mstaafu

Kabla hamjamaliza, la wazee. Serikali ilitoa posho ya wazee, 25,000 kwa mwezi, kwa aliyefika miaka 80. Mambo mazuri. Kaka yangu aliona Wakoloni wakishusha bendera akiwa tayari ana mke. Waliomwandikisha kitambulisho wakampa mwaka wa kuzaliwa wa kubuni, kwa kadi ana miaka 74. Kubadilisha tarehe anatakiwa cheti cha ubatizo cha kanisa lililoungua wakati wa vita vya 1979. Mashine inamwambia yeye bado kijana.

Huduma ipo, pesa ipo, mtu yupo, mashine ndiyo haikubali.

---

Mwana wa Koboko

Mzee pole. Peleka barua ya LC1 na ya parishi pamoja, na kama kuna mtoto wa kwanza mwenye cheti cha kuzaliwa, tarehe yake inasaidia kuonyesha umri wa baba. Nimeona ikifanya kazi kwa jirani, ingawa ilichukua muda.

Kwa wengine: mwaka wa fedha unaanza 1 Julai na bajeti inasomwa Juni, ndipo watu wanapoamka kupiga kelele redioni. Juni ni kuchelewa. Makongamano ya bajeti ya wilaya hufanyika kuanzia Oktoba na Novemba, na yako wazi kwa mwananchi yeyote. Mabenchi ya nyuma huwa matupu, ya mbele wanakaa wa mashirika. Nataka mwaka huu twende na mambo mawili tu: mstari wa matengenezo kwa kila jengo lililofunguliwa miaka mitano iliyopita, betri, pampu na choo vikiwemo, na ubao usomeke kwa lugha ya watu. Tukidai ishirini tutaondoka na ahadi ishirini.

---

Hesabu Kwanza

Ongeza la tatu: jengo jipya lisipitishwe kama gharama yake ya kuendesha haijaandikwa kwenye bajeti ya mwaka unaofuata. Nitawaandikia jedwali, mnipe orodha ya vitu na @Nesi anipe bei za huko.

---

Nesi wa Zamu

Bei nitakutumia ndani. Jina langu lisitokee.

---

Afande Mstaafu

Tarehe ya kongamano ikitoka iweke hapa mapema. Mama wa Yumbe, kwenu ni wilaya nyingine lakini kongamano mnalo nanyi. Waambie wenzako wa kamati ya kisima. Nauli ya boda ya wawili iko kwangu.

---

Mama wa Yumbe

Tutakuja watatu, Afande.